Uji wa Avwani kwa Mama Mkwe

Musonoi, Kolwezi

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia, nikitumaini goti lako limepoa na mvua za Kindu zimekuachia nafasi ya kwenda shambani. Mimi, mume wangu na mjukuu wako tu wazima wa mwili. Kaka akikusomea barua hii, mwambie apunguze sauti, maana nimejaa aibu.

Unajua mama mkwe alikuja kutoka Dilolo kumpa mtoto jina, kwani katika ukoo wao nyanya ndiye anayelitoa. Alipofika, muuguzi alimpima akamwambia ana presha, apunguze chumvi na mafuta. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikaongeza yangu. Katika kambi ya mgodi ninakopika, mainjinia hula avwani kila asubuhi, ile nafaka ya nchi za baridi iliyopondwa ikawa bapa. Wanasema inafaa kwa moyo. Nikanunua mifuko, nikampikia uji wake asubuhi, mchana na jioni. Bukari, ugali aliouzoea, hakuiona. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone; mimi nikataka kumponya mgeni kwa nguvu!

Alikula bila kunung'unika. Kila nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Mi minashiba, mutoto yangu." Nami nikaamini. Nilisahau ulivyonifunza kwamba mkwe hadai chakula. Mume wangu naye akaharibu zaidi, akatania mezani kwamba Ulaya avwani hulishwa farasi. Mama yake akaweka kijiko chini taratibu.

Kesho yake jirani yangu, mke wa dereva wa lori, akanikuta bombani.

"Mama mukwe yako iko anakula kwa malewa, batu yote banamuona. We unamunyima bukari?"

Nilikimbia sokoni na mtoto mgongoni. Kweli, alikuwa kwenye benchi la malewa, kibanda cha mama mmoja anayeuza chakula, katikati ya wachimbaji wenye vumbi, bukari na sombe ya majani ya muhogo mbele yake. Mama, nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti palepale, nikamsihi arudi nyumbani, ale, ampe mtoto jina.

Akanawa mikono, akamgusa mtoto shavu.

"Jina haitokake mu tumbo ya njala," akasema. Jioni ile akapanda lori la Dilolo.

Mume wangu hathubutu kumpa mtoto jina lingine, na mama yake hapokei simu zetu. Wewe ni mama mwenzake, hatakukatalia. Mpigie, niombee msamaha. Aniadhibu mimi, asimwadhibu mtoto.

Nisalimie shangazi na kaka msomaji wetu. Mdogo wangu anayeposwa mwambie amlishe mkwe kwanza, habari za kumtibu awaachie waganga.

Ni mimi binti yako. Huku kila mama huitwa kwa jina la mwanawe, na kwa kuwa wangu hana, Musonoi nzima inaniita Mama Avwani.