Vidonge vya Miezi Mitatu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Murungu. Miaka mitatu leo tangu wanitoe goita. Niliingia na kitu kimoja cha kutolewa, nikatoka bila vitano — goita, na vitezi vinne vidogo vilivyokaa nyuma yake. Sikuulizwa. Kumbe ndivyo vilivyokuwa vinapanga kalsiamu mwilini. Sasa kazi hiyo naifanya mimi, vidonge vitatu kwa siku. Nikiruka, mdomo unakufa ganzi, vidole vinakakamaa, mkasi unabaki mkononi kama nimezaliwa nao.
Mwaka wa kwanza waliniambia ni mawazo. Leo nimeshona magauni mawili, yote ya kola. Mawazo hayashoni kola.

Jumamosi, 8 Machi
Nesi Tharsisi kapiga simu kutoka kliniki, Kasulu. Tarehe 19 wakiona nimetulia, watanipa vidonge vya miezi mitatu badala ya mwezi mmoja. Safari kumi na mbili kwa mwaka zinakuwa nne. Kila safari inakula siku mbili. Napata siku kumi na sita — magauni thelathini na mawili!
Kisha maswali ya fomu. Je, naweza kupanda ngazi za ghorofa bila kuchoka? Nikamwambia alete ghorofa Murungu kwanza. Akacheka.
"Basi mlima, Mama Arielle."
Mlima napanda, na ndoo kichwani. Maisha yangu nayapa alama ngapi, sifuri hadi kumi? Saba. Akauliza tatu zimeenda wapi. Awaulize walionikata.

Jumanne, 18 Machi
Kasulu. Nimefika saa kumi, dirisha la dawa limeshafungwa hadi asubuhi. Benchini nimemkuta mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, Providence. Naye alitolewa goita. Mkono umejikunja kama mdomo wa kuku.
"Yaya, komprime zangu zilinishilia tangu Jumamosi."
Yaya kwao ni dada, komprime ni vidonge. Nilikuwa na vinne: kimoja cha jioni, vitatu vya kesho. Hesabu haikuwa ngumu. Mkono wangu ulikuwa wazi, wake umefungwa. Nimempa vyote.
Jioni alikuwa ameshashika kikombe cha chai, ananiambia gauni langu limeshonwa na kipofu. Nililishona mimi.

Jumatano, 19 Machi
Vitendanishi vya kupimia damu vimeisha. Tharsisi anatumia mashine ya presha: anafunga mkono, anajaza upepo, dakika tatu. Vidole vikijikunja, kalsiamu imeshuka, nabaki kwenye mwezi mmoja. Dirisha la dawa halinipi kitu hadi kipimo kiishe.
Nimempa wa kushoto. Naandika kwa wa kulia.
Dakika ya kwanza — shwari. Ananisimulia nguruwe wake alivyoingia kanisani.
Dakika ya pili. Ganzi mdomoni. Providence kapita dirishani na dawa zake, anapunga mkono, vidole vitano vimenyooka. Tharsisi kageuka kumwangalia.
Kidole gumba kinaingia kiganjani. Taratibu, kama mtu aliyechelewa ibada. Daftari hili linatosha kabisa kukifunika.
Tharsisi, bado anaangalia nje: vipi mama, kumetulia huko?
Nimemwambia angoje nimalize sentensi