Vidonge Tulivyovikuta Kwenye Kopo la Misumari

Mwaka umetimia, Bonge wangu, tangu ulipoanguka karakanani na nyundo mkononi, kochi la mteja likabaki nusu halijavishwa kitambaa.

Mkono wako ulikuwa mwepesi, mwanangu. Mzee jirani asiyeweza kuinama ulimtengenezea kiti kirefu, ukakataa hata soda. Kila Jumapili uliwapima wanao kwa futi kamba ya kazini uone nani kaongezeka.

Ningeishia hapo, lakini naona kinyaa kuficha kilichosimamisha moyo wako.

Daktari alipokwambia kolestro imezidi kwenye damu, ulitii. Miezi minne ulikwenda kazini kwa miguu, ukala vya kuchemsha, ukameza kidonge kila siku. Kupimwa tena, imeshuka. Ukaja unacheka, "Mama, nimepona! Dawa ya nini tena?" Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikakukaangia nyama yenye mafuta na ngozi za kuku kukupongeza, tena kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Ulilamba vidole. Sufuria ile yalimoganda mazito kama mshumaa nimeitupa jalalani.

Daktari hakusema umepona. Alisema dawa inafanya kazi. Hatukuuliza tofauti yake.

Baada ya mazishi mkeo alimimina kopo lako la misumari. Vikatoka vidonge vya miezi sita, vimenata gundi na kutu. Pho! Nilinawa mikono mara tatu, bado nikajiona mchafu. Kumbe ni vile mkeo alivyoendelea kukuletea kila mwezi, na kila alipokuuliza, "Umemeza?" ulikuwa unamjibu, "Zamani!"

Sasa dada yako naye amepimwa, maana daktari alisema jambo hili hutembea kwenye ukoo. Yake iko juu kuliko yako. Anatania, "Mama, mimi mwembamba kama ufagio, hayo mafuta yakae wapi?" Juzi kasema atapumzisha dawa kidogo, anajisikia mzima.

Wewe nawe asubuhi ile ya kuanguka ulitoka hapa unapiga mluzi.

Binti yangu, najua utasoma hapa. Meza. Usiache mpaka daktari mwenyewe akwambie.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako, mkeo, wanao wawili, na dada yako. Yeye nimemwandika huku kwa wanaokumbuka, na huku huku abaki. Sina nguvu ya kuandika tangazo la pili.

Hutoki moyoni mwetu, Bonge, siku zote tulizobakiza.