Namba ya Sikio ya Gaju

Baraka, tarehe 11 mwezi wa sita 2024

Mupenzi yaya Élisée,

Pokea salamu zangu nyingi. Ile malaria imeisha? Lusaka ungali unaizoea? Siye huku tuko wazima, ni magoti ya baba tu inamusumbua na baridi ya kule juu Minembwe.

Mu kila barua unaniuliza: baba angali anakukasirikia? Nilikuwa naruka hiyo swali kwa sababu sikuwa na jibu. Tangu uondoke bila kumuaga, miaka ine sasa, hajataja jina yako.

Basi sikia. Huku kwa bureau ya véterinaire, munganga wa nyama, tunaingiza mu ordinateur, ile mashini ya kuandikia, ng'ombe zote zenye zilichanjwa. Juzi batu ba Lulimba balileta habari ya ng'ombe mupotevu, jike ya rangi ya udongo. Kile kipande cha plastiki cha sikio kimevunjika: namba inaanza na 40, inaisha na 7, katikati tarakimu mbili hazionekane. Mwenyewe asipopatikana, juma ijayo wanaiuzisha.

Nilikisia mpaka nikachoka. Wilfried, mwenye tunatumika naye, akanionyesha alama ya asilimia: unaiweka pahali hujui, mashini inakubali kitu chochote. Nikaiweka. Zikatoka mia mbili na kumi na mbili, hata zenye namba ndefu kama njia ya Lulimba. Akanicheka: "We Gatesi, umealika kijiji nzima." Kumbe kuko mustari mudogo wa chini, na kila mustari unashika tarakimu moja tu. Nikaweka mbili. Yaya, hiyo ilinishangaza sana: unaambia mashini "hapa sijui," na haikudharau, inatafuta hivyo hivyo.

Zikatoka sita. Jike ya rangi ya udongo ilikuwa moja: Gaju, wa Minembwe. Gaju wetu, mwenye alipotea mwezi uliopita; sikuwaza angefika mpaka Lulimba.

Nikatafuta pale wanaandika mwenye ng'ombe, nione jina ya baba. Haiko. Pameandikwa Élisée. Chanjo ine, mwaka kwa mwaka, Élisée, Élisée. Na mwenye kupeleka ng'ombe kwa chanjo ni baba peke yake. Nililia pale pale mbele ya Wilfried.

Baba alishuka Baraka kuchukua karatasi ya kumurudishia Gaju. Nilimusomea yote, pamoja na jina. Akaangalia fimbo yake. Kisha akasema nikuandikie kwamba ng'ombe yako iko na mimba, na yeye hana tena magoti ya kukuchungia.

Shangazi Mukarurangwa anakusalimia, na Aline pia. Mungu akufungulie njia.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda siku zote,
Gatesi