Kwa Bi Ruzuna, Aliyenifundisha Kuosha Maiti

Somo yangu Bi Ruzuna,

Jana nimekuosha. Maji niliyapima kwa kiwiko kama ulivyonifundisha, nikatia majani ya mkunazi yaliyopondwa, nikapitisha mkono chini ya shuka bila kukufunua. Hukuwa na la kunikosoa, na kwako hilo ni ajabu.

Naukumbuka ua wako hapa Likoni, mimi na wenzangu tukijifunzia kwenye gogo la mgomba ulilolivika kanga. Ukitukuta tunacheka, unatuambia, "Chekeni. Mwosha naye huoshwa." Toka Mtongwe hadi Utange uliitwa misibani, na ukishafika, hata waliokuwa wakibishana juu ya sanda hunyamaza. Nilitamani kuwa wewe. Na kila tukimaliza, neno lako lilikuwa lile lile: "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ukitoka chumbani, umeona maji tu."

Ndiyo maana mama yangu alipofariki nilikuita wewe. Mtu hata akiijua kazi, kwa mamake haiwezi peke yake. Uliziona nembo zilizochanjwa tumboni mwake, alama za watu wa bara ya mbali, alikotekwa akiwa mdogo akaja kuuzwa pwani. Alizificha maisha yake yote. Hata mimi nilizijua pale tu nilipokuwa nikimuuguza. Ulinitazama, ukavuta shuka ukamfunika vizuri. Nikakushukuru moyoni.

Haukupita muda, waliomposa binti yangu Mwanaisha wakarudi kuvunja posa. Nyanya wa bwana harusi hakuzunguka. "Hatukujua kuwa nyanyake Mwanaisha alikuwa mtumwa," alisema. "Bi Ruzuna ametufumbua macho." Nguo za harusi zilikuwa zimeshashonwa.

Nilikuja kwako, na hukukana. "Ni mmoja tu niliyemwambia, mwanangu, tena nilimlisha yamini. Wallahi sikukusudia." Mmoja tu! Ungeniibia, ningesema ni shida. Ungenitukana, ningesema ni hasira. Hili sijalipatia jina mpaka leo. Mwanaisha hajaolewa, na wewe uliendelea kuitwa misibani na kuwafunza wengine maneno yale yale kwenye gogo la mgomba.

Jana asubuhi mwanao alinikuta barabarani nikitazama vijana wakifunga bendera mpya za uhuru. "Mama ameusia," akaniambia, "asioshwe na mtu ila wewe." Hapo niliumia upya. Katika wanafunzi wako wote, ulijua mdomo upi utakaa kimya. Ulinijua hivyo, na bado ulinifanyia vile.

Nilichokiona chini ya shuka nimekiona. Walioniuliza nimewajibu kuwa nimeona maji tu.

Jeneza lilipokuwa likitoka, mwanao alisimama mlangoni akawaomba wenye haki juu yako wakusamehe. Wanawake wote wakaitika, "Tumesamehe." Mimi nilikuwa chumbani nimeinama, naufukia ufuo, ule mtaro tuliouchimba chini ya kitanda kupitisha maji yako. Nilisikia vizuri. Mdomo huu wewe ndiye uliyeufunza kufungwa, Somo, na hata kwa neno hilo moja haukufunguka.

Lala. Nimekusitiri, na zaidi ya hapo sina.

Mwanafunzi wako