Kwa Nini Baba Kioko Alikubali Kosa

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungulia kuku, nimefagia, nikaenda kortini. Aliyeshtakiwa kuiba punda wangu amekubali. Baba Kioko! Jirani yangu, shemasi wa kanisa letu. Polisi walikuta kamba ya punda kwake. Akasomewa shtaka, akatafsiriwa kwa Kikamba, akajibu, "Ni kweli." Adhabu ni Jumatatu ijayo. Anangoja rumande.
Nina hasira. Lakini akipita na askari aliniuliza polepole, "Mama Ndinda, punda amepatikana?"
Mwizi anaulizaje hivyo?

Jumanne, 4 Machi
Swali halinitoki. Nimeunguza muthokoi, mahindi na maharagwe yote yakashika sufuria.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda kumwona Baba Kioko rumande. Punda alimuuza wapi? "Makindu." Kwa nani? Kamba ilifikaje kwake? Akatazama ukuta. "Kioko alikuwa amekuja nyumbani wiki ile," akasema, kisha akauma midomo.
Kioko ni mtoto wake, fundi wa pikipiki Makindu. Kumbe huyu mzee anamkinga. Na kama ni Kioko kweli?

Ijumaa, 7 Machi
Makindu. Jua kali. Kioko mikono yote oili. Hakujua chochote kuhusu kesi, mamake alikatazwa na mzee kumwambia. Nikauliza kuhusu kamba.
"Niliiokota njiani asubuhi, Auntie, nikaitundika kwa boma letu. Kwani baba alifikiria ni mimi?"
Akaketi chini vumbini. Nilimwangalia sana nione kama anadanganya. Sikuona. Lakini mimi ni nani wa kusoma uso wa mtu?

Jumatatu, 10 Machi
Kioko alifika mapema, akaongea na babake kabla ya korti kuanza. Jina lilipoitwa, Baba Kioko akainua mkono.
"Mheshimiwa, naomba kubadilisha jibu langu. Sikuiba. Niliogopea mtoto."
Sikujua mtu anaweza kurudisha neno alilolisema kortini. Mwendesha mashtaka akapinga: wote wakiona jela imekaribia hubadilika. Hakimu akamuuliza kama kuna aliyemlazimisha kukubali. Hakuna. Kama alielewa shtaka. Alielewa. Hakimu akainama, akaandika muda mrefu. Nilingoja utadhani mshtakiwa ni mimi. Mwishowe akasema adhabu bado haijatolewa, kwa hivyo ombi linakubaliwa. Imeandikwa amekana. Kesi itasikizwa upya, naye aende nyumbani kwa dhamana.
Kioko alitoka hapo moja kwa moja kuandikisha taarifa polisi kuhusu kamba. Anaweza kugeuziwa kesi. Alijua hivyo, na bado alikuja. Hilo ndilo limenifanya nimwamini kuliko uso wake.

Jumatano, 12 Machi
Wengine sokoni wananiuliza niko upande gani. Upande wa punda, nimewaambia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani hakuna aliyeketi karibu na Baba Kioko. Jioni nimemkuta kwenye mto uliokauka akichimba mchanga kutafuta maji. Akanijazia mtungi kwanza.
"Bado hujajua mwizi ni nani?" akaniuliza.
"Bado."
"Hata mimi nataka kujua," akasema.
Tukakaa pale, tukangoja maji yapande tena.