Mguu wa Kushoto na Karo ya Sheryl

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kalekye wa fizio, anayeninyoosha mguu hospitalini, amesema niandike. Kila siku — hatua ngapi, maumivu wapi, pumzi ikoje. Hataki hadithi. Lakini daftari ni nene na siku ni ndefu, kwa hivyo nitaandika na mengine. Yeye nitamsomea hatua peke yake.

Leo: mlango wa nyumba hadi geti na kurudi, mara kumi na moja. Bila magongo. Maumivu kwa nyonga, upande wa kushoto. Pumzi mbaya kuanzia mara ya saba.

Miezi kumi na minne sasa. Ukuta wa ile stoo ya magodoro uliponiangukia nilikuwa nimeshika mpira wa maji, na mwenzangu Metito alikuwa nyuma yangu kwa injini, gari letu la maji. Ndiye alinichimbua. Kabla ya hapo, katika miaka kumi na tisa ya zimamoto, sikuwahi kukaa nyumbani wiki nzima isipokuwa kuna mazishi. Sasa najua kila mtu wa ploti hii anafua siku gani.

Metito alipita jioni, bado ana yunifomu. Sopa, ipa, tukasalimiana Kimaasai, akakataa chai. Habari yake ilikuwa moja. Mama anayepokea simu kwa chumba cha redio pale stesheni anastaafu, na bosi anatafuta mtu anayejua Kitengela yote kwa kichwa, kila ploti na kila njia ya nyuma. Metito amenitaja. Tarehe 21 bodi ya madaktari inaniona kule Kajiado. Wakiandika "anafaa kazi nyepesi", kiti ni changu.

Alipoenda nikaongeza geti mara tatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mara kumi na tano. Nyonga vile vile.

Sheryl wangu alirudi kutoka saiba, kwa kompyuta za kukodi, na karatasi. Tangu apate nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, huyu msichana hatulii, kila siku anatafuta msaada wa karo mahali. Hii ni ya mfuko wa watoto wa watumishi wa umma. Wanalipa chuo chote, miaka yote. Alianza kusoma kwa sauti, amesimama katikati ya nyumba, hata mkoba hajatua. Mtoto wa mtumishi aliyefariki akiwa kazini. Au aliyelemaa akiwa kazini, na bodi ya madaktari ikathibitisha kuwa —

Hapo akakunja karatasi.

Akasema hii ni ya watu wengine, akaenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Nilingoja atoke nikaisoma. "Kuwa hawezi kurudi kazini." Bodi ni ile ile. Tarehe 21 ni ile ile. Kazi ya redio italipa nyumba na chakula, haiwezi kugusa chuo. Nimesoma mara nne, kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikuhesabu. Nilitembea hadi kwa duka la dawa, nikapita, nikaenda hadi barabara kubwa ya Namanga na kurudi. Siwezi kukaa. Nikikaa nafikiria, nikisimama nyonga inafikiria kwa niaba yangu.

Njiani watu wanne walinisimamisha kunipongeza. Baba Sheryl, umepona kabisa! Zamani ningefurahi. Leo kila mmoja nilimwona kama shahidi.

Jioni Jacinta, mke wangu, alikuwa anachambua sukuma. Hakuniangalia. Akaniuliza kama nakumbuka vile nilikuwa nakaa Januari. Nikasema nakumbuka. Januari nilikuwa nabebwa kwenda chooni.

"Siku ya bodi," akasema, "si ukae tu vile ulikuwa unakaa Januari."

Mke wangu hajawahi kudanganya hata konda. Nikamuuliza ananiambia nini. Akasema haniambii kitu, anachambua mboga.

Jumapili, 10 Agosti

Nataka kucheka lakini sijui nianzie wapi.

Kanisani pasta aliniona nikiingia bila magongo. Katikati ya ibada akaniita mbele. Sikutaka. Watu wakaanza kupiga makofi, na ukipigiwa makofi na watu mia mbili huwezi kubaki kitini. Nikatembea. Nikafika mbele, pasta akasema nitembee tena, niende na kurudi, Bwana aonekane. Nikaenda na kurudi. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwa ile hali hata mimi nilijisahau, nilienda kama mtu wa gwaride.

Niligeuka nikaona uso wa Jacinta. Alikuwa anapiga makofi kama wengine, polepole, machozi yakimtoka, na mimi peke yangu ndani ya kanisa nilijua ni machozi gani.

Saa nane mchana video ilikuwa kwa ukurasa wa kanisa. Sheryl alinionyesha. Watu wameandika amina chini yake hadi mwisho hauonekani. Akaniambia natembea vizuri, Baba. Kweli alisema hivyo, na alikuwa anatabasamu, na akaenda kulala mchana, yeye ambaye halali mchana.

Jumanne, 12 Agosti

Fizio. Kalekye alipima kila kitu, mguu kwa mguu, akaandika. Nikamuuliza bodi itaona nini kwa ripoti yake. Akasema wataona alichopima.

Halafu nikauliza lile jambo. Naliandika hapa ili nilione. Nilimuuliza mtu ambaye hawezi kurudi kazini huwa anatembea vipi.

Aliacha kuandika. Huyu mama ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, na siku ile nilisimama mara ya kwanza alilia kabla yangu.

"Mzee Ouma," akasema, "swali hilo usiniulize mara ya pili."

Akaendelea kunikunja goti. Nilisahau kumsomea hatua na yeye hakuuliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Ndefu leo.

Metito alinichukua nikaone chumba cha redio. Meza, simu mbili, ramani ya ukutani ambayo nusu ya ploti hazimo. Yule mama anayestaafu alitoka kidogo kununua maziwa, nikakaa kwa kiti chake. Simu ikalia. Nikamtafuta Metito kwa macho, akainua mabega. Nikashika.

Mwanamke. Mtungi wa gesi unawaka jikoni, yuko na watoto wawili kwa chumba cha kulala. Alikuwa anapiga kelele, sikumwelewa. Nikamwuliza anaitwa nani. Evalyne. Nikamwambia, Evalyne, funga huo mlango wa chumba, weka blanketi chini ya mlango, sasa niambie dirishani unaona nini. Akasema anaona kanisa la mabati ya bluu na tanki nyeusi. Nikajua! Nyuma ya soko la mbuzi, njia ya pili, si ya kwanza — ya kwanza ina mtaro, injini haiwezi kupita. Nikamwambia Metito, na Metito alikuwa tayari anakimbia. Niliongea na Evalyne hadi nikasikia king'ora kwa simu yake. Wote watatu walitoka. Jikoni peke yake ndiyo imeenda.

Tangu ukuta uniangukie, hiyo ndiyo mara ya kwanza mwili wangu ulitulia.

Ningeacha hapo. Lakini daftari ni langu, siwezi kulificha kitu.

Injini ilirudi. Hata hawajashuka, simu ya pili ikaingia, moto wa nyasi upande wa Isinya, yule mama sasa akiwa amerudi kitini kwake. King'ora kikalia uani. Na mimi niliruka. Sikuamua. Miguu ndiyo iliamua, miaka kumi na tisa ndiyo iliamua. Nilifika mlangoni, hatua tatu za kukimbia, na mguu wa kushoto ukawa haupo. Nilianguka kifudifudi kwa simenti. Halafu kifua kikafunga. Nilikohoa nikaona nyota. Metito aliruka chini, akaninyanyua, akaniketisha, akapanda tena wakaenda. Alirudi baadaye akanileta nyumbani. Kwa geti ndipo akasema ile hali ya pale mlangoni hakuna mtu aliiona ila yeye, kwa sababu yule mama alikuwa amegeukia ramani, na yeye Metito ameshasahau.

Sijamwambia Jacinta. Mkwaruzo wa kiganja nilisema ni geti.

Jumapili, 17 Agosti

Sikuenda kanisani. Nilisema nyonga.

Sheryl naye alibaki. Akaniletea chai, akakaa mbele yangu, mikono kwa magoti, vile alikuwa anakaa akiwa mdogo akivunja kitu. Kesho anaanza kazi kwa shamba la maua, kufunga maua ya kusafirishwa. Ameshaandikia chuo waiweke nafasi yake mwaka mmoja. Hakuomba ruhusa, alinijulisha.

Nilikasirika. Nilisema mambo mengi na mengine si ya kuandika. Kwamba sikumsomesha akafunge maua. Kwamba mambo ya bodi ni yangu, yeye hayamhusu. Alingoja nimalize.

"Baba, mimi nakuona ukizunguka kwa geti," akasema. "Unatembea kama mtu anaiba. Mimi sitaki kusomeshwa na mguu wako."

Nikamwambia mguu ni wangu, na nikitaka kuutoa nitautoa.

"Na je, kama haujaharibika vile wanataka?"

Ningemwambia ya Alhamisi. Mdomo ulifunguka. Lakini nilimwona vile ananiangalia, kama mtu anayeangalia mzigo akipima kama ataweza kuubeba, na nikanywa chai.

Jumanne, 19 Agosti

Hatua: sijui. Nyingi.

Sheryl alirudi kutoka shambani vidole vimechomwa na miiba, mama yake akampaka mafuta.

Jumatano, 20 Agosti

Nimejaribu mbele ya kioo cha kabati. Kwanza vile natembea. Halafu vile Jacinta anataka. Ile ya pili nilifanya vibaya sana, nilionekana mlevi. Jacinta aliingia akanikuta. Tukaangaliana kwa kioo. Akatoka.

Baadaye alirudi akakaa kwa kitanda. Akasema ile ya Januari nisahau, alikuwa amechanganyikiwa, hataki mume wa kuigiza nyumbani kwake. Nikamwuliza na Sheryl je. Akasema hajui. Akasema "sijui" mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Alhamisi, 21 Agosti. Kajiado.

Naandika nikiwa kwa benchi, kwa korido. Wamesema ningoje.

Tulifika mapema. Jacinta alinifungia vifungo vya koti kama bwana harusi. Ndani walikuwa watatu, na aliyekuwa anauliza ni Daktari Githongo, mzee wa miwani, mpole, ambaye anaandika kabla hujamaliza kusema. Ripoti ya Kalekye ilikuwa mbele yake. Tembea. Nikatembea vile natembea. Geuka. Chuchumaa — nilifika nusu. Panda ngazi tatu, shuka. Pumua kwa hii mashine. Pumua tena. Video ya kanisa hakuna aliyeitaja. Sijui kama wameiona.

Akasema naendelea vizuri kuliko alivyotarajia. Akauliza habari ya chumba cha redio, kumbe bosi ameshaandika barua. Akauliza kama naweza kukaa masaa nane. Nikasema ndiyo. Naweza.

Alikuwa anafunga faili. Akauliza tu, kama mtu anayetafuta la kusema hadi wino ukauke, king'ora kikilia pale stesheni mimi hufanya nini.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ninakaa. Ningesema ninakaa na ninashika simu, na wangeamini, na kiti kingekuwa changu.

Niliwaambia. Yote. Nilivyoruka, hatua tatu, mguu ulivyokosekana, simenti, kifua. Niliwaambia kwamba siku yoyote king'ora kitakapolia nitaruka tena, kwa sababu sijui kutoruka, na siku moja nitaanguka mbele ya injini inayotoka. Sijawahi kuongea hivyo mbele ya watu. Sauti ilikuwa inatetemeka na sikuwa naigiza.

Githongo alivua miwani. Akafungua faili tena. Aliandika muda mrefu, akampa wa kulia kwake, naye akaandika. Wakaniambia nitoke kidogo.

Ni kweli, kila neno. Hilo nalijua. Kile sijui ni kwa nini niliyasema. Kwa sababu ni kweli? Au kwa sababu ya ile karatasi ya Sheryl? Ningekuwa sina mtoto wa chuo, ningeyasema? Najiuliza tangu nikae hapa, na ninaandika haraka ili nisijijibu.

Sheryl amefika. Nilimkataza. Ameomba ruhusa kazini, amekuja na koti la shamba, limeandikwa namba mgongoni. Amekaa upande wangu wa kushoto. Ameniuliza polepole, Baba, umewaambia nini. Nimemwonyesha kwa mkono kwamba naandika. Ameniuliza tena.

Mlango umefunguka. Karani ameshika karatasi, ameita Ezra Ouma. Jacinta tayari amesimama, amechukua mkoba. Sheryl hajasimama. Ameacha kuuliza. Ananiangalia miguu, anangoja kuona nitainuka vipi.