Jicho la Jirani Nyuma ya Gari Letu

Shoga, niko jikoni na hasira zangu.

Tangu mume wangu alipoliinua juu zaidi lile gari lake la porini, magurudumu ya nyuma yamehamia upande mmoja. Leo anafunga uani chuma kinachoshikilia ekseli ya nyuma, cha kurefusha na kufupisha, ili yarudi katikati. Mimi nimemshikia tochi tangu asubuhi.

Akaingia jirani yetu, yule dada fundi cherehani. Akainama nyuma ya gari: "Rudisha kidogo. Hapo hapo."

Mume wangu akamwambia, "Jicho lako halikosei."

Jicho lako halikosei. Kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uchumba. Mimi naambiwa "inua tochi."

Nikachukua rula, nikapima magurudumu pande zote mbili nikiomba awe amekosea.

Sawasawa, shoga.

"Ukimaliza kucheza hapo," mume wangu akaniambia, "mletee jirani kiti."